Jani Huanza Kuchacha Kwenye Gunia

Bibi yangu hana kipimajoto. Akitaka kujua kama majani ya chai yamepata moto, huingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, hutulia kidogo, kisha huutoa na kunusa vidole. Akikunja uso, gunia linamwagwa palepale kwenye turubai chini ya mparachichi, na majani yanatandazwa upya yapate hewa. Nimemwona akifanya hivyo tangu nilipokuwa mdogo, kazi yangu ikiwa kushika mdomo wa gunia wakati wa kuyarudisha. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Kwetu Ibighi, pembeni mwa mji wa Tukuyu, chai ilikuwa jambo la kuchuma, kupima na kusubiri malipo.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya kemia, na mwaka jana nililazimika kuuliza. Programu yetu inadai mambo mawili makubwa: tasnifu, na miezi kadhaa ya mafunzo kwa vitendo kiwandani, yale ambayo sisi wenyewe tunayaita fildi. Wenzangu walitawanyika. Mmoja alikwenda kwenye saruji, mwingine kwenye bia, mwingine akapata maabara yenye kiyoyozi jijini na hajaacha kutusimulia. Mimi niliomba chai. Kiwanda nilichopangiwa sitakitaja. Inatosha kusema kiko Nyanda za Juu Kusini, hakiko Rungwe, na majani ya bibi hayaendi huko.

Nilidhani nakwenda kujifunza kemia ya chai. Nilirudi na swali la historia ambalo halikuwa kwenye mtaala: kwa nini jani la chai, kila linapotaka kuchunguzwa, lazima lisafiri?

Nianze na kemia yenyewe, maana bila hiyo hadithi haieleweki. Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja. Tofauti yao ni kile kinachotokea baada ya jani kuchumwa. Ndani ya jani bichi kuna kampaundi ziitwazo katekini, hazina rangi na ni chungu mdomoni. Ndani ya jani hilohilo, lakini kwenye chumba kingine cha seli, kuna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidezi. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Likikatwa au kupondwa, kuta zinavunjika, oksijeni inaingia, kimeng'enya kinakamata katekini na kuziunganisha. Zinazaliwa teaflavini, zenye rangi ya chungwa na ukali mzuri unaochangamsha ulimi, kisha zinafuata tearubijini, nyekundu zaidi na nzito zaidi. Kiwandani hatua hii inaitwa kuchachua. Jina hilo ni kosa la zamani ambalo limezoeleka, kwa sababu hakuna hamira wala bakteria anayehitajika hapo. Mchacho wa chai si mchacho wa togwa.

Kosa hilo lina historia yake. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na wataalamu waliodhani kazi hiyo inafanywa na vijidudu. Mmoja wa walioonyesha kwamba kimeng'enya kimo ndani ya jani lenyewe alikuwa Harold Mann, mkemia Mwingereza aliyeajiriwa na Chama cha Chai cha India kuanzia mwaka 1900. Mann alichapisha uchunguzi wake miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Miaka 30 hivi baadaye jina lake linatokea tena, na safari hii ni kwetu: mwaka 1933 ilichapishwa taarifa yake kuhusu kilimo cha chai Tanganyika na namna ya kukiendeleza. Nilipokutana na jina hilo mara ya pili nilisimama kusoma. Mtu yule aliyefungua siri ya kimeng'enya ndiye aliyekuja kupima ardhi yetu kwa macho. Ila mwaka uleule wa 1933 nchi wazalishaji wakubwa, India, Ceylon na visiwa vya Indonesia chini ya Waholanzi, zilikubaliana kupunguza chai inayouzwa nje ili bei isiporomoke, na makoloni ya Afrika Mashariki yakawekewa kikomo cha kupanda mashamba mapya. Kwa hiyo utaalamu ulikuja na breki yake.

Chai yenyewe ilikuwa imetangulia. Historia ya chai Tanzania kwa kawaida huanzia sehemu mbili, zote za wakati wa Wajerumani: Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kyimbila ni jirani yetu. Nimepita hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna siku hata moja nilipofikiri kwamba napita mahali palipo kwenye vitabu. Wakati huo Tukuyu ilikuwa ikiitwa Neu-Langenburg, na hapo Kyimbila aliishi Adolf Stolz, Mjerumani wa misheni ya Moravian ambaye, pamoja na kazi zake nyingine, alikusanya mimea. Aliikausha, akaibandika, akaipeleka Ulaya kwa wingi. Kuna jamii nzima ya okidi ndogo iliyopewa jina lake, Stolzia. Sampuli nyingi zilihifadhiwa Berlin, na Berlin ilipopigwa mabomu mwaka 1943 jumba la mimea likaungua pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake. Majani ya Rungwe yaliungua katika vita ambavyo Rungwe haikuvianzisha. Mimea yenyewe, kwa bahati, ilikuwa bado inaota huku.

Amani ilikuwa tofauti kidogo na Kyimbila, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa maabara. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902, na ilikuwa na wakemia wake na maktaba iliyosifiwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, na meli za Uingereza zikazuia shehena zisifike pwani, Amani iligeuka kuwa kiwanda. Walitengeneza kwinini kutokana na magome ya mkwinini waliyoyapanda wenyewe, walitengeneza sabuni, walitengeneza hata vileo vya jeshi. Naisoma sehemu hiyo ya historia kwa hisia mbili. Jeshi lile lilikuwa likiteketeza vijiji na kubebesha watu mizigo mpaka kufa. Papo hapo, hicho ndicho kipindi kifupi ambacho mmea, maabara na mtumiaji vilikuwa mahali pamoja katika nchi hii. Ilihitajika meli za adui kuzuia njia ndipo kemia ifanyike kulipo na jani.

Baada ya vita Amani ilidorora, ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ili itumikie makoloni ya Afrika Mashariki, halafu baada ya Vita vya Pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Chai nayo ikapata nyumba yake Kericho, ambako mwaka 1951 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki. Kericho ilihudumia nchi zote tatu. Kwetu kulibaki vituo vidogo, kama Marikitanda huko Usambara. Mpango huo ulikuwa na akili yake: maabara moja nzuri ni bora kuliko tatu mbovu, na ndugu watatu wanaweza kula chungu kimoja.

Mwaka 1977 chungu kikapasuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa, na kila nchi ikabaki na kile kilichokuwa kwenye ardhi yake. Tunapofundishwa habari hii shuleni tunaambiwa kuhusu ndege na vichwa vya treni, nani alibaki na nini. Hatuambiwi kuhusu mizani za kemia. Maabara ya Kericho ilibaki Kericho, ambako ilistahili kubaki, maana haina magurudumu. Kenya ikaijenga upya kuwa taasisi yake. Tanzania, iliyokuwa imeongeza mashamba ya wakulima wadogo kwa kasi katika miaka hiyohiyo, ilijikuta na majani mengi na mahali pachache pa kuyapima. Taasisi yetu ya Utafiti wa Chai ilianzishwa mwaka 1996. Kati ya 1977 na 1996 ni miaka 19.

Miaka hiyo 19 ndiyo miaka ya chai ya bibi. Alipanda miche yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya sabini, akiwa bibi harusi. Mamlaka ya Chai, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa ikigawa miche na kutuma mabwana shamba vijijini, na viwanda vya wakulima wadogo vikajengwa Katumba na Mwakaleli. Anasema bwana shamba wao alikuwa mtu mkali mwenye baiskeli, aliyewafundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi, kutoshindilia gunia, na kuweka mzigo kivulini. Hakuwaeleza kemia. Huenda hata yeye hakuelezwa. Amri zilikuwa zimetoka mahali fulani zikiwa zimeshakatwa mizizi, kama miche ile, na zilipofika Ibighi zikaota hivyohivyo.

Hapa lazima nitaje jambo linaloharibu kidogo hoja yangu. Si kila kitu cha Rungwe kinachohusu kemia kiko mbali. Upande wa mlima Kyejo, kwenye kijiji cha Ikama, hewa ya ukaa hutoka ardhini yenyewe, mabaki ya volkano ambayo haijalala kabisa. Tulipokuwa watoto tulionywa kuhusu mabonde madogo ambamo ndege na panya hukutwa wamekufa bila jeraha. Ndugu zetu wa Goma wana neno la mahali kama hapo, mazuku. Maelezo yake ni mepesi: hewa ya ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni kama maji. Kampuni ya TOL Gases, ileile iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huikusanya hewa hiyo, huisafisha na kuigandamiza mpaka iwe kimiminika, halafu inapelekwa kwa watengenezaji wa soda na bia. Mitambo ipo palepale kwenye kisima. Haina budi kuwapo, maana huwezi kuibeba hewa kwenye gunia. Kiwanda cha chai vilevile lazima kiwe karibu na shamba, maana jani halisubiri.

Lakini mtambo si maabara. Mtambo hufuata mali ghafi kwa sababu ukiuweka mbali unapata hasara ambayo inaonekana kwenye vitabu vya hesabu mwezi huohuo. Maabara inaweza kukaa mbali miaka 100 na hasara yake isiandikwe popote.

Nirudi kiwandani. Siku ya kwanza nilipewa koti jeupe, na kwa sababu ya koti hilo wafanyakazi wakaniita daktari, kwa utani ambao haukuisha mpaka nilipoondoka. Mstari wa kazi nilikuwa naujua kwenye karatasi. Majani yanafika, yanatandazwa kwenye mabirika marefu ya wavu ambamo feni hupuliza hewa usiku kucha ili yanyauke. Yanapita kwenye roli zenye meno za mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam karibu mwaka 1930 na William McKercher, ambazo hukata, huchana na kuviringa kwa wakati mmoja. Yanachachuliwa kwa saa moja na kitu. Yanaingia kwenye kikaushio, ambako joto huua kimeng'enya na kusimamisha kila kitu. Majani mabichi kilo nne na nusu hivi hutoa kilo moja ya chai kavu.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha muda wa kuchachua na kiasi cha teaflavini. Ni kazi nzuri, na ina ukoo. Jina lenyewe la teaflavini linatokana na kazi za E. A. H. Roberts miaka ya 1950. Mwaka 1972 Hilton na Ellis, waliokuwa wakichunguza chai ya Malawi, walichapisha kwamba kiasi cha teaflavini kinaweza kutumika kukadiria thamani ya chai hiyo sokoni. Fikiria maana yake kwa mkulima wa nchi jirani kama sisi: kitu ambacho madalali walikuwa wakikipima kwa kusukutua mdomo na kutema kwenye ndoo, sasa kilikuwa na namba. Baadaye wakemia wa Kenya, Philip Owuor akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba mambo hayanyooki hivyo kila mahali. Teaflavini ziko za aina kadhaa zenye ukali tofauti, na ukizijumlisha zote bila kuzitofautisha namba inaweza kukudanganya. Napenda sana kipande hicho cha historia. Ni Waafrika wa Kericho na Maseno wakiiambia kanuni iliyoandikwa kwa chai ya wengine: hapa kwetu pima tena.

Tatizo ni kwamba mimi sikuweza kupima hata mara moja pale nilipokuwa. Njia niliyopangiwa ni ya Hilton huyohuyo, na si ngumu. Unachemsha chai, unaitikisa pamoja na kiyeyushi kisichochanganyika na maji, teaflavini zinahamia kwenye tabaka la juu, unaongeza kitendanishi, unasubiri dakika 15, rangi ya kijani inatokea, unaisoma kwa spektrofotomita kwenye nanomita 625. Chumba kilichoandikwa Maabara pale kiwandani kilikuwa na mizani ya kupimia unyevu, birika la umeme, safu ya vikombe vyeupe, na kalenda. Kwa hiyo sampuli zangu ziliingia kwenye mifuko ya foili, zikafungwa, zikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Nilizisindikiza stendi alfajiri kama mtu anayesindikiza mgonjwa wa rufaa.

Anayesimamia kuchachua alikuwa mzee mmoja aliyekaa hapo miaka mingi kuliko umri wangu. Hakuwa na saa. Alichota konzi ya majani, akaifinya, akaileta puani. Alisema yakifika yananukia tunda lililoiva, yakipita yananukia tunda lililolala. Siku matokeo ya kwanza yaliporudi kutoka Dar, nikamwonyesha grafu yangu ikiwa na kilele chake kizuri katikati, akauliza kilele kiko dakika ya ngapi. Nikamwambia. Akacheka, akasema, "Hapo ndipo ninapofungua. Wewe umepata namba, mimi nimepata chai."

Halafu akasema jambo ambalo halikuwa utani. "Kila mwaka mnakuja, mwanangu. Mnapima, mnaandika, mnaondoka na cheti. Sijaona hata mmoja aliyerudi na alichoandika tukakisoma."

Nilitaka kumwambia kwamba mpango huu haukuanza hivyo. Mwaka 1916 chuo cha MIT huko Marekani, kwa fedha za George Eastman wa Kodak, kilianzisha shule ya vitendo kwa wanafunzi wa uhandisi wa kemia. Ni babu wa programu kama yetu. Wanafunzi walipelekwa viwandani kwa vikundi, na mwalimu wa chuo akahamia huko pamoja nao, akakaa kiwandani na kufanya nao kazi. Chuo kilihamia kwenye mtambo. Sisi tulirithi umbo la mpango huo bila yule mwalimu. Msimamizi kutoka chuoni huja mara moja, husaini daftari, hula chakula cha mchana, huwahi basi. Simlaumu. Vyuo vyetu vilizaliwa kwa mpangilio wake: chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, sayansi ikaja 1965, uhandisi 1973. Nchi ilihitaji mawakili kabla ya kuhitaji wakemia, au ndivyo ilivyoonekana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungukia.

Wiki ya tatu, grafu yangu ilianza kuharibika. Kulikuwa na siku ambazo teaflavini zilikuwa chini hata muda wa kuchachua ulipokuwa sahihi na mzee mwenyewe ndiye aliyefungua. Nilitafuta kosa kwenye mizani, kwenye mifuko, kwenye basi. Mwishowe nikatoka nje ya jengo, kwenye uwanja wa kupokelea mzigo, na kusimama hapo mchana kutwa. Nikaona magunia yaliyochumwa asubuhi yakishushwa jioni. Gari lilikuwa limechelewa kwenye matope. Nikachomeka kipimajoto katikati ya gunia moja. Kilisoma nyuzi 41. Nilipolimwaga, majani ya katikati yalikuwa mekundu kama yaliyopikwa.

Jani lililochumwa bado linapumua. Linatumia sukari yake, linatoa joto, na kwenye gunia lililoshindiliwa joto halina pa kwenda. Seli zinakufa, kuta zinavunjika, kimeng'enya kinakutana na katekini humo humo gizani, bila mpangilio wala mtu wa kunusa. Mpaka jani linafika kwenye mashine, sehemu ya kilichopaswa kuwa teaflavini imeshatumika. Mzee hawezi kukirudisha, na mimi siwezi.

Kwa siku 12 nilifanya kitu kisichohitaji spektrofotomita. Niliandika saa ya kuchuma, saa ya kupokelewa, joto la katikati ya gunia, na katika kila majani 100 nikahesabu mekundu. Ilikuwa kazi ya mtoto wa shule, na ndiyo data nzuri kuliko zote nilizowahi kukusanya. Saa za kusubiri gari zilieleza karibu kila siku mbaya niliyokuwa nayo. Nilihesabu pia kitu kingine. Mara nne katika siku hizo nilisikia wakulima wakiambiwa kwamba mzigo wao una majani mabaya, na kilo zikakatwa.

Nilipomwonyesha msimamizi wangu wa kiwandani rasimu ya ripoti, aliisoma yote, polepole. Hakukasirika. Alisema kazi ya kuchachua ni safi sana. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa magunia, akasema hii haikuwa mada yako. Alinieleza kuhusu magari, kuhusu dizeli, kuhusu barabara ambayo si ya kiwanda, na yote aliyoniambia yalikuwa kweli. Alisema ripoti ikisomwa huko juu mtu atatafuta wa kumlaumu, na hatakuwa wa huko juu. Hiyo pia nadhani ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyepaswa kunipa alama 40 kati ya 100.

Ukurasa sikuufuta. Niliuhamishia kwenye kiambatisho, wa mwisho kabisa, nikaondoa grafu, nikaacha jedwali, nikaupa kichwa "Uchunguzi wa ziada". Safu ya kilo zilizokatwa sikuiweka. Nilifaulu vizuri. Kwenye utetezi wa ripoti hakuna aliyefika kwenye kiambatisho.

Nimesoma habari za Stolz na mimea yake, za Kericho na mwaka 1977, nikiwa na hasira ya mtu asiyehusika. Ni rahisi kukasirikia maabara iliyohamishwa na watu waliokwisha kufa. Ukurasa wangu ulihamishwa na mimi, umbali wa karatasi 31, na matokeo yake kwa wale waliokuwa uwanjani ni yaleyale.

Desemba nilirudi Ibighi. Mvua ilikuwa imekolea na chai ilikuwa inakimbia. Bibi alinipokea kwa "Ugonile" na sahani ya mbalaga, akauliza masomo, nikasema yamekwenda salama. Kesho yake tuliingia shambani kabla ya jua, na tulipotoka nikamwonyesha kipimajoto. Nikakichomeka kwenye gunia lake. Nyuzi 27. Nikamweleza kila kitu: katekini, kimeng'enya, kuta za seli, kwa nini mkono wake ulikuwa sahihi miaka yote hiyo. Nilieleza vizuri, nafikiri vizuri kuliko nilivyoeleza mbele ya wahadhiri. Alisikiliza huku akitandaza.

"Ndaga," alisema. "Kwa hiyo hao uliokuwa kwao, majani yalikuwa yanafia kwenye gunia."

Nikasema ndiyo.

"Wakisubiri gari."

Ndiyo, bibi.

"Na wao waliambiwaje?"

Namba ya simu ya mzee wa kuchachua ninayo. Picha ya grafu niliyoiondoa ninayo pia, kwenye simu hiyohiyo. Mpaka siku ile nilikuwa sijaituma, na mpaka leo ninapoandika haya sijaituma.

Nilimjibu bibi kwamba waliambiwa majani yao ni mabaya. Hakusema kitu. Aliinama, akakusanya majani kutoka kwenye turubai, akanipa mdomo wa gunia nishike.